Bati, Nyundo na Bei: Asili ya Toazi la Bei Nafuu

Dramu mpya mara nyingi huuzwa bila matoazi. Mnunuzi hulipia ngoma ya mguu, sinea na tomu zake, kisha anaambiwa kwamba zile sahani za kung'aa zinazosimama juu ya ngoma ni manunuzi mengine kabisa, na kwamba jozi moja ya haihati nzuri inaweza kukaribia bei ya ngoma zote alizokwisha kulipia. Hapo ndipo anapoonyeshwa sanduku lenye haihati, krashi ya kutia mkazo na raidi ya kushikilia mdundo, vyote pamoja, kwa bei isiyotosha hata kununua toazi moja la daraja la juu. Pengo hilo limezua maelezo mengi. Wapo wanaosema iko siri ya mchanganyiko wa metali ambayo ukoo mmoja umeifungia kwa miaka mia nne. Wapo wanaosema mnunuzi analipia jina tu, na kwamba sahani ni sahani. Historia ya chombo hiki, nikiisoma kwa makini, inayakataa maelezo yote mawili. Tangu karakana za Istanbul hadi viwanda vya leo vya Uswisi, Kanada na China, bei ya toazi imefuata jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kiasi cha kazi kinachofanywa juu ya metali baada ya kuyeyushwa. Mwenye fedha kidogo akilielewa hilo, atachagua kwa namna tofauti na ile anayoelekezwa na sanduku.

Simulizi inayojulikana zaidi inaanzia Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waosmani. Mwaka 1618, kama wazao wake wanavyohadithia, mhunzi Mwarmenia aitwaye Avedis alikuwa akihangaika kugeuza metali duni kuwa dhahabu, akaambulia mchanganyiko wa shaba na bati uliotoa mlio mkubwa na mrefu bila kupasuka. Mwaka 1623 alikuwa na karakana yake katika mtaa wa Samatya, na ukoo ukajulikana kwa jina la kazi hiyo, Zildjian. Mteja mkuu alikuwa jeshi. Bendi za mehter zilizofuatana na askari wa Janisari zilipiga zumari, ngoma kubwa na matoazi, kwa ajili ya heshima ya sultani na kwa ajili ya kumtisha adui. Ulaya iliisikia sauti hiyo kwanza ikitokea upande wa pili wa uwanja wa vita, na baadaye ikaitamani. Mozart aliitumia katika opera yake ya mwaka 1782 yenye kisa cha kasri la Kituruki, naye Haydn akaipa nafasi katika ile simfonia ya 1794 ambayo mpaka leo huitwa ya Kijeshi. Sultani Mahmud wa Pili alipoivunja Janisari mwaka 1826, bendi za mehter zilikwenda nayo, na wahunzi wa Samatya wakazidi kuelekeza macho kwenye orkestra na bendi za kijeshi za nchi za Magharibi. Mwaka 1851 Avedis wa Pili alipeleka matoazi yake London kwenye Maonyesho Makuu. Kwa hiyo, miongo mingi kabla dramu tunazozijua hazijakuwapo, toazi la Istanbul lilikuwa bidhaa ya fahari, likinunuliwa na serikali na majumba ya muziki. Hakuna aliyefikiria kumuuzia kijana mwenye akiba ndogo.

Katika simulizi hiyo, neno linalopewa uzito ni siri, na wauzaji wamelitunza vizuri sana. Lakini siri ya mchanganyiko haisimami mbele ya ushahidi. Toazi la Istanbul ni shaba kama asilimia 80 na bati kama asilimia 20, pamoja na chembe za fedha. Ndiyo maana wahusika huiita aloi hiyo B20. Sasa tazama kengele za makanisa ya Ulaya: kwa karne nyingi zimesubiwa kwa shaba kama asilimia 78 na bati 22. Mafundi wa Korea hufua bakuli na sahani za mezani kwa uwiano huohuo. Magongo makubwa ya shaba yanayoning'inizwa katika muziki wa gamelani wa kisiwa cha Java, na yale ya China yaliyoupa mji wa Wuhan sifa yake, nayo ni ya bronzi yenye bati jingi. Hawa wote walijua kipimo hicho, na wengi wao walikijua kabla Avedis hajazaliwa. Kama mchanganyiko peke yake ungetosha, kila mji wa Ulaya wenye msubu kengele ungekuwa na kiwanda cha matoazi kufikia karne ya kumi na nane. Haikuwa hivyo. Wanajeshi wa Ulaya na watunzi wake waliendelea kuagiza kutoka Uturuki, huku wasubu kengele wakiwa na shaba na bati ileile tanuruni mwao.

Sababu iko katika tabia ya metali yenyewe. Bati kidogo ndani ya shaba huifanya iwe ngumu kuliko shaba tupu na bado ikubali kukunjwa. Bati likipanda hadi asilimia 20 na aloi ikaachwa ipoe polepole, hujitenga ndani yake chembechembe ngumu zinazovunjika kama kioo. Kengele haijali jambo hilo kwa kuwa ni nene, na ikishatoka kwenye kalibu kazi yake imekwisha. Toazi ni bamba jembamba linalotakiwa kugongwa maelfu kwa maelfu ya mara na kijiti, likapinda na kurudi, bila kuchanika. Mhunzi anayetaka bamba la namna hiyo kutoka kwenye B20 hana budi kulipasha moto hadi liwe jekundu, kulipitisha kwenye roli likiwa bado la moto, kulirudisha tanuruni linapopoa, kulipitisha tena, na kurudia hivyo mara nyingi mpaka unene ufikie anaoutaka. Halafu huja jambo linalowashangaza wafua visu: pua ikichovywa majini ikiwa ya moto huwa ngumu na nyepesi kuvunjika, lakini bronzi hii ikichovywa hivyohivyo hulainika na kukubali nyundo. Kikombe cha katikati hubonyezwa, sahani hugongwa kwa nyundo ili upinde na mkazo wake uwe sawasawa, hukerezwa kwenye mashine ili ngozi ya juu iondoke na mifereji myembamba ibaki, na mwishowe hupumzishwa kabla ya kupimwa kwa sikio. Katika kila hatua zipo sahani zinazopasuka na kurudi tanuruni. Ukihesabu kazi hiyo yote, utaona bei imetoka wapi. Kitu alichokijua Avedis, ambacho msubu kengele wa Ulaya hakukijua, ni namna ya kufanya kazi, na maarifa ya namna hiyo hukaa mikononi kuliko kwenye karatasi.

Ushahidi bora wa hilo ni jinsi maarifa yenyewe yalivyohama. Mwaka 1909 Avedis wa Tatu alihamia Marekani, akawa mwenye kiwanda cha peremende karibu na Boston. Mwaka 1927 alipokea barua kutoka kwa ami yake Aram ikimwambia kwamba zamu ya kurithi kazi ya ukoo imemfikia. Hakurudi Uturuki, mwaka 1929 kampuni ilisajiliwa na kuanza kazi Quincy, Massachusetts, na Aram mwenyewe akaenda kusaidia kuianzisha. Ingekuwa ni suala la kipimo cha shaba na bati, barua ingetosha. Ilimbidi mzee avuke bahari. Wakati huohuo karakana ya Istanbul haikufa. Tawi la ukoo lililotokana na Kerope liliendelea kufua matoazi yenye herufi K, ambayo kampuni ya Gretsch iliyaingiza Marekani, na wapiga jazi wakubwa kama Elvin Jones, Mel Lewis na Tony Williams wakayapenda kuliko yote. Yalifuliwa kwa nyundo ya mkono na hayakufanana: moja lilikuwa na mlio mzito wenye kina, jirani yake halina maana. Mpiga dramu alilazimika kuyapitia moja moja kabla ya kuchagua. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafanyakazi wake wawili walioingia pale wakiwa watoto, Agop Tomurcuk na Mehmet Tamdeğer, walianzisha karakana yao na kuipa jina la mji, Istanbul. Hawakuwa wa ukoo wa Zildjian, na Mehmet hakuwa hata Mwarmenia. Hakuna mrithi aliyewanong'oneza chochote. Walikuwa wameshika nyundo tangu utotoni, na matoazi yao yalipokelewa na wapigaji kama mwendelezo wa yale ya zamani. Agop alipofariki mwaka 1996 kampuni iligawanyika mara mbili, na leo Istanbul ina karakana kadhaa za aina hiyo. Kanada nayo ilipata yake kwa njia ya ugomvi wa urithi: baada ya kifo cha Avedis wa Tatu mwaka 1979, mwanawe Robert aliachana na kaka yake Armand, akachukua kiwanda kilichokuwa Meductic katika jimbo la New Brunswick, na mwaka 1981 akaanzisha Sabian. Mara tatu katika karne moja kazi hii imehama, na kila mara imehama pamoja na watu waliokwisha kuifanya.

Wakati hayo yakitokea upande wa utengenezaji, upande wa mpigaji nao ulikuwa ukibadilika, na hapa kuna funzo ambalo wauza masanduku hawalitaji. Dramu kama chombo cha mtu mmoja si za zamani sana. Kanyagio la ngoma ya mguu lililouzwa na ndugu wa Ludwig wa Chicago kuanzia mwaka 1909 ndilo lililomwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu watatu. Wapigaji wa mwanzo wa jazi waliongeza toazi moja la kuning'iniza, mara nyingi la Kichina kwa kuwa lilipatikana kwa urahisi, na wakaridhika. Haihati, ile jozi ya matoazi inayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ilipata umbo lake la sasa katikati ya miaka ya 1920. Miaka ya 1930 wapigaji kama Gene Krupa walikuwa wakienda Quincy kumwomba Avedis awafulie matoazi membamba zaidi kuliko ya kijeshi, na katika mashauriano hayo ndimo yalimozaliwa matoazi maalumu ya krashi na ya raidi. Kwa maneno mengine, dramu zilikua kipande kwa kipande, kila kipande kikiingia pale muziki ulipokihitaji. Hakuna mpigaji wa kizazi hicho aliyeanza na seti kamili. Wazo kwamba anayeanza anapaswa kuwa na matoazi manne siku ya kwanza lilikuja baadaye, na lilikuja kutoka kwa wenye bidhaa.

Tarehe inayotajwa sana ni tarehe 9 Februari 1964, siku The Beatles walipoonekana katika kipindi cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wa Marekani wanaokadiriwa kuwa milioni 73, na Ringo Starr akiwa nyuma ya dramu za Ludwig na matoazi ya Zildjian. Maagizo yalizidi uwezo wa kiwanda. Ghafla mnunuzi wa matoazi hakuwa tena orkestra wala mpiga jazi wa kulipwa; alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, pamoja na baba yake mwenye pochi. Soko la namna hiyo halingeweza kulishwa na roli za moto na nyundo peke yake. Lilihitaji toazi linalotengenezwa haraka, na jibu lilitoka kwenye viwanda vya kawaida vya metali. Bronzi yenye bati asilimia 8, yaani B8, haina tatizo la zile chembe ngumu. Hupitishwa kwenye roli ikiwa baridi na kuwa bamba refu lenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, na mtu yeyote anaweza kulinunua kutoka kwa muuza metali. Kinachobaki ni kukata duara, kubonyeza kikombe, kugonga kwa mashine na kukereza, karibu kama sufuria zinavyotengenezwa. Brasi, ile aloi ya njano ya shaba na zinki inayotumika kwenye makoki ya maji na kufuli, ni rahisi zaidi ya hapo, kwa sababu haina bati kabisa. Ukifungua masanduku ya bei ya chini ya leo utakuta mojawapo ya hizi mbili. HCS ya kampuni ya Meinl ya Ujerumani, PST 3 ya Paiste na SBR ya Sabian ni brasi. ZBT na baadaye mfululizo wa I wa Zildjian, B8X ya Sabian na PST 5 ya Paiste ni B8. Hivi ndivyo toazi la bei nafuu lilivyopatikana: kwa kuchagua metali inayoruhusu sehemu kubwa ya kazi ya mhunzi iachwe.

Hapa mpigaji mwenye uzoefu atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema B8 si metali ya watoto. Paiste, kampuni iliyoanzia St Petersburg mwaka 1906, ikapitia Tallinn, Poland na Ujerumani kabla ya kuweka makao Nottwil, Uswisi, ilitoa mfululizo wa 2002 mwaka 1971, na matoazi hayo ni ya B8. John Bonham wa Led Zeppelin alipiga nayo mbele ya makumi ya maelfu ya watu, na hadi leo huuzwa kwa bei ileile ya matoazi bora ya B20. Ni kweli tupu, na ndiyo hoja inayonisaidia kuliko nyingine zote. Aloi ya 2002 ndiyo iliyomo ndani ya PST 5, kampuni ni ileile, lakini bei ya 2002 ni mara kadhaa ya ile ya PST 5. Kama tofauti ingekuwa kwenye mchanganyiko, bei hizo mbili zingekaribiana. Zinatofautiana kwa sababu toazi la 2002 hufanyiwa kazi ya nyundo na ya kukereza na fundi mmoja mmoja, kisha husikilizwa na kulinganishwa na sampuli kuu kabla ya kupigwa muhuri. Lile la bei nafuu hupita kwa mashine na kuingia sandukuni. Kwa hiyo anayekuambia ununue B20 na uikwepe B8 kwa sababu ya herufi na namba tu amekupa nusu ya ukweli. Swali la kuuliza ni nini kilifanywa juu ya bamba baada ya kukatwa. Juu ya toazi jembamba la brasi lenye alama chache za mashine kilichofanywa ni kidogo sana, na sikio hukithibitisha: mlio mfupi, mkavu, wenye sauti moja inayokwaruza, usiobadilika ukigonga kwa nguvu au kwa upole.

Pingamizi la pili ni kwamba tofauti ni ya metali, maana bati ni ghali. Ghali ni kweli. Kwa uzito, bati huuzwa mara kadhaa ya bei ya shaba, na shaba nayo huishinda zinki kwa mbali. Lakini tufanye hesabu. Haihati za inchi 14, krashi ya inchi 16 na raidi ya inchi 20 huwa na uzito wa kilo tano na nusu hivi kwa pamoja. Zikiwa za B20, ndani yake mna bati kama kilo moja na kidogo, na shaba kilo nne na nusu. Hata ukihesabu bati kwa dola 40 kwa kilo na shaba kwa dola 12, metali yote haifiki dola 100, ilhali seti ya daraja la juu yenye vipande hivyo hugharimu dola elfu moja hivi, mara nyingi zaidi. Msomaji wa Afrika Mashariki na Kati ana sababu ya kuitazama hesabu hii kwa jicho la pekee. Shaba huchimbwa Kolwezi na Lubumbashi, bati huchimbwa Kivu, Maniema, Rwanda na Kyerwa mkoani Kagera, sehemu ambako Kiswahili kinasikika migodini. Metali ikishaingia soko la dunia huchanganyika, na hakuna awezaye kuonyesha toazi fulani akasema hili limetoka Kolwezi. Lakini sehemu ndogo ya bei inayorudi kwenye ardhi ya mgodi inaonekana wazi. Sehemu kubwa hukaa kwenye kazi ya mhunzi, na juu yake faida ya mwenye jina, msafirishaji na muuza duka.

Hilo la jina ndilo pingamizi la tatu, na China ndiyo mfano wake. Kwa miongo mingi matoazi ya Wuhan yamefuliwa kwa nyundo kutoka kwenye B20 halisi, na kuuzwa Marekani kwa bei ya chini kabisa. Neil Peart wa Rush, aliyekuwa na uwezo wa kununua chochote, aliweka toazi la Kichina la Wuhan kwenye dramu zake. Mkoani Shandong sasa kuna karakana nyingi zinazofua B20 na kuiuza chini ya majina mengi, Stagg ya Ubelgiji ikiwa mojawapo ya kampuni zinazonunua kutoka China. Je, hii haithibitishi kwamba kazi haina bei, na kwamba wakubwa wanauza nembo? Haithibitishi hivyo. Inaonyesha kwamba saa moja ya mhunzi wa Shandong hulipwa kidogo kuliko saa moja ya mhunzi wa Massachusetts, na kwamba hatua moja inaweza kupunguzwa bila mnunuzi kuiona dukani: ile ya mwisho, ya kusikiliza na kukataa. Toazi la namna hii laweza kuwa zuri sana, na jirani yake rafuni likawa na mlio wa bati la paa, kama ilivyokuwa kwa yale ya K ya zamani. Ukiweza kuligonga kabla ya kulipa, unanunua kazi nyingi kwa fedha kidogo kuliko popote pengine. Ukiagiza bila kusikia, unabahatisha. Sehemu fulani ya bei ya majina makubwa ni nembo kweli, sikatai. Lakini sehemu nyingine ni mshahara wa mtu aliyekaa kiwandani na kuyakataa matoazi mabovu kwa niaba yako.

Limebaki pingamizi la mzazi na la mzee wa kanisa mwenye kushika fedha za kwaya: huyu ni mwanafunzi, hasikii tofauti, mpe sanduku la brasi kwanza na akikua atanunua mazuri. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini inamkosea mwanafunzi. Toazi ni chombo cha kujifunzia mkono. Toazi lenye kazi ndani yake hujibu kijiti kilicholala, ncha ya kijiti, bega la kijiti, kugusa na kupiga. Mwanafunzi hujifunza upole kwa sababu upole unasikika. Brasi haina majibu hayo, hivyo mwanafunzi huongeza nguvu akitafuta mlio usiokuwapo, na baada ya mwaka ana mkono mzito na sahani iliyopindika ukingo. Katika ukumbi mdogo wenye paa la mabati, ambako dramu nyingi za makanisa yetu hupigwa, toazi jembamba lililofuliwa vizuri huamka likiguswa kidogo, lakini sahani nene ya kupigwa kwa mashine hutaka kipigo ndipo iseme, na ikisema huwafunika waimbaji. Zaidi ya hayo, toazi bora lililotunzwa huuzika tena, na seti ya brasi iliyotumika haina mnunuzi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: mwenye fedha za sanduku asinunue sanduku. Anunue haihati nzuri peke yake, zile za daraja la kati au za juu zilizotumika, na toazi moja la inchi 18 au 20 linaloweza kufanya kazi ya krashi na ya raidi kwa muda. Ndivyo dramu zenyewe zilivyoanza, na muziki haukupungukiwa. Muziki wetu pia unaunga mkono mpango huu. Kavacha, mdundo ulioenezwa miaka ya 1970 na Zaïko Langa Langa ya Kinshasa na kuhusishwa na mpiga dramu wao Meridjo Belobi, ulioingia haraka katika bendi za Nairobi na Dar es Salaam, hutembea juu ya sinea na haihati. Krashi ni alama ya kituo tu. Anayejifunza rumba, sebene au nyimbo za kwaya atatumia haihati karibu kila mdundo wa kila wimbo, na hapo ndipo fedha zake zinapaswa kukaa.

Ukinunua la mtumba, lishike kwenye mwanga na upitishe ukucha ukingoni pote ukitafuta ufa, kwa maana ufa wa nusu inchi leo utazidi kurefuka kadiri toazi linavyopigwa. Tazama tundu la katikati: likiwa limeliwa upande mmoja na kuwa refu kama tundu la ufunguo, lilipigwa kwa miaka kwenye stendi isiyo na mpira wala sufi. Chunguza alama za nyundo na mifereji ya kukereza. Zikiwa nyingi na zisizofanana kabisa, mtu alifanya kazi pale. Usiogope weusi na madoa ya vidole, hayo hayaharibu mlio. Kisha ligonge polepole sana, ukiwa umesogeza sikio karibu, kabla ya kuligonga kwa nguvu. Likikaa kimya kwenye kipigo cha upole, mrudishie mwenye duka.